Mswada umewekwa kando na Kamati ya Uchukuzi: je, umekufa?

SWALI: Sisi ni wazazi wa Brooklyn Park, Minnesota, wengi wetu tumetoka Kenya na Tanzania. Watoto wetu huvuka barabara kuu ya jimbo yenye njia nne, magari yakienda kasi, ili wafike kituo cha basi. Seneta wetu aliwasilisha mswada wa fedha za kujenga kivuko chenye taa. Mwezi Machi tulikwenda Saint Paul, mwenzetu akazungumza dakika 2 mbele ya Kamati ya Uchukuzi ya Seneti. Mwenyekiti akashukuru, akasema mswada unawekwa kando ili ufikiriwe baadaye, bila kura yoyote, akaita mswada mwingine. Shughuli nzima haikufika dakika kumi. Nusu yetu wanasema tumechezewa shere. Tumekosea wapi, na tufanye nini sasa?

JIBU: Hamkuchezewa shere, na mswada wenu haujafa. Ila kuanzia siku ile hautembei tena kwa miguu yake. Unasubiri kubebwa, na kazi yenu sasa ni kuhakikisha anayebeba hausahau.

Ilivyo ni hivi. Kila mwaka Kamati ya Uchukuzi hupokea miswada mingi ya kuomba fedha: daraja hili, mzunguko ule, kivuko cha pale. Ingekuwa kila mmoja unapigiwa kura na kupelekwa Kamati ya Fedha na kisha ukumbini, kikao kingekwisha kabla robo haijafika. Kwa hiyo kamati husikiliza mmoja mmoja, huuweka kando, kisha mwezi Aprili mwenyekiti hutoa mswada mmoja mkubwa wa bajeti ya uchukuzi, ambao huko huitwa omnibasi. Yale maombi yaliyokubalika huingizwa humo kama vifungu. Yasiyokubalika hubaki palepale kwenye rafu. Mswada wenu ukifanikiwa, huenda usiuone tena kwa jina lake wala namba yake. Utakuwa sentensi moja kati ya kurasa mia na zaidi: kati ya fedha hizi, kiasi fulani katika mwaka wa kwanza ni kwa ajili ya kivuko kwenye makutano fulani.

Kwa hiyo kutopigiwa kura si dharau. Kura ambayo ingewatia hofu ni ile ya kuukataa waziwazi, nayo ni nadra sana. Miswada mingi haipigwi risasi. Hufa kwa kutopangiwa siku. Mwenyekiti ndiye mwenye ratiba, na hakuna kanuni inayomlazimisha kusikiliza kila kinacholetwa. Ninyi mlipangiwa siku, na hilo peke yake limewaweka mbele ya maelfu ya miswada inayowasilishwa katika kila kipindi cha miaka miwili. Hapa ndipo mtu aliyezoea Bunge la Dodoma hupotea kidogo. Kule miswada mingi hutoka serikalini, na ikifika kwenye kamati ni kwamba imekwisha kubalika kwa kiasi kikubwa. Minnesota hata pendekezo la Gavana lazima apatikane mbunge wa kulibeba kwa jina lake, kisha lipange foleni kama la kwenu.

Sasa, kabla ya kumpigia seneta simu, jibuni maswali manne. Mengi yanayoharibika huharibika hapa.

La kwanza: barabara ni ya nani? Mnasema ya jimbo. Hakikisheni kwa kutazama kibao: barabara kuu ya jimbo huwa na kibao cha buluu chenye neno MINNESOTA juu ya namba. Kama ni ya kaunti au ya mji, mlikwenda mlango usio wenu. Fedha za barabara za kaunti na miji mara nyingi hutafutwa kupitia Kamati ya Uwekezaji wa Majengo na Miundombinu, kwa hati za dhamana za jimbo, yaani mkopo, na huko Katiba inadai tatu ya tano ya kura zote: kura 81 kati ya 134 katika Baraza la Wawakilishi na 41 kati ya 67 katika Seneti. Mswada wa kawaida wa uchukuzi hupita kwa 68 na 34.

La pili: mswada wenu umeandikwa utolewe kwenye mfuko upi? Someni ule mstari unaosema fedha zinatengwa kutoka wapi. Watu wengi huuruka mstari huo, kumbe ndio unaoamua mnashindana na nani. Ikiwa ni Mfuko Mkuu, mnashindana na shule na hospitali, na sehemu ambayo Kamati ya Uchukuzi hupewa kutoka huko ni ndogo. Ikiwa ni Mfuko wa Barabara Kuu, mnashindana na madaraja, lami na magari ya kuondoa theluji, lakini mko nyumbani. Mfuko huo unalindwa na Ibara ya 14 ya Katiba ya Minnesota. Kodi ya mafuta, ada za usajili wa magari na sehemu ya kodi ya mauzo ya magari huingia kwanza kwenye mfuko wa watumiaji wa barabara. Asilimia 95 ya mfuko huo hugawanywa hivi: 62 kwa barabara kuu za jimbo, 29 kwa kaunti, 9 kwa miji. Asilimia 5 iliyobaki hugawiwa kwa utaratibu wake. Fedha za barabara kuu ni kwa madhumuni ya barabara tu, huwezi kununulia mabasi. Kwa hiyo kama mswada wenu umechanganya kivuko, kibanda cha kituo cha basi na njia ya miguu ndani ya mtaa wa mji, wanasheria wa kamati watausimamisha wauulize: kipi kinatoka mfuko upi? Utenganisheni mapema. Kivuko na taa vibaki, kibanda kitafutiwe kwingine.

La tatu: upande wa pili uko wapi? Kila mswada unahitaji pacha. Wenu una namba ya SF kwa sababu umeanzia Seneti. Lazima uwepo mwingine wenye namba ya HF katika Baraza la Wawakilishi, maneno yaleyale, ukiwa na mwakilishi wa wilaya yenu. Kama pacha hayupo, au yupo lakini hajasikilizwa na Kamati ya Fedha na Sera za Uchukuzi ya baraza lile, mko na mguu mmoja. Jambo hili lina uzito zaidi nyakati ambazo vyama vimekaribiana. Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi liligawanyika 67 kwa 67, na kamati zikawekewa wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila chama. Pakiwa na wenyeviti wawili, kumshawishi mmoja hakutoshi.

La nne, nalo ndilo zito: taarifa ya gharama imeombwa? Mwenyekiti akitaka kujua mswada unagharimu kiasi gani, huomba taarifa rasmi. Idara husika hujaza hesabu, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge husimamia na kuichapisha. Kwenu mjazaji ni MnDOT, yaani Idara ya Uchukuzi ya jimbo. Mswada unaotaja kiasi cha fedha huweza kupita bila taarifa hiyo, lakini wajumbe watauliza kiasi hicho kimetoka wapi. Jibu la kwamba tulikadiria wenyewe huua hoja papo hapo. Muulizeni mhandisi wa wilaya ya MnDOT inayosimamia eneo lenu, yenye makao yake Roseville, kama makutano hayo yamewahi kufanyiwa tathmini ya aina ya udhibiti unaofaa. Ni uchambuzi unaopima kama panahitajika taa, mzunguko, kisiwa cha katikati au mabadiliko mengine. Mara nyingi matokeo huwashangaza walioomba: waliomba taa, wahandisi wakapendekeza kisiwa na kupunguza upana wa njia. Kuchora mistari myeupe tu kwenye barabara ya njia nne yenye magari mengi ya kasi hakumlindi mtoto, na huweza kumpa imani ya uongo. Mkijifunga kwa neno taa ndani ya mswada, mtakuwa mmemnyima mhandisi nafasi ya kuwajengea kilicho bora. Afadhali maandishi yaseme: maboresho ya usalama wa watembea kwa miguu kwenye makutano fulani na fulani.

Palepale kwenye maandishi pana mtego mwingine. Angalieni kama fedha ni za usanifu tu au ni za usanifu, ununuzi wa ardhi na ujenzi. Wako watu wameshangilia kupata fedha, mwaka ukapita wakajikuta na michoro mizuri na barabara ileile. Angalieni pia fedha zinadumu mpaka lini. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza Julai 1. Kazi ya kwenye barabara kuu haiishi ndani ya miezi 12 hata kidogo, na majira ya kumwaga lami Minnesota ni mafupi, kwa hiyo kifungu kinapaswa kuruhusu fedha zitumike kwa miaka kadhaa.

Tena, taa za makutano mara nyingi hazilipiwi na jimbo peke yake. Gharama hugawanywa kati ya jimbo na kaunti au mji, kwa kutazama ni mikono mingapi ya makutano iliyo ya nani. Ndiyo maana karatasi yenye nguvu kuliko saini 500 za wazazi ni azimio la Baraza la Mji la Brooklyn Park linalosema mji unaunga mkono na uko tayari kulipa sehemu yake. Saini huonyesha hasira, azimio huonyesha pesa, na kamati ya fedha husoma pesa kwanza. Kama bado hamna azimio, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.

Baada ya hapo kalenda ndiyo bwana. Bunge la Minnesota hukutana kuanzia Januari katika miaka ya witiri, ambayo ndiyo ya bajeti ya miaka miwili, na kwa kawaida kuanzia Februari katika miaka ya shufwa. Kikao hakiwezi kupita Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi hutoka makadirio ya mapato, kisha viongozi wa mabaraza hupanga kila kamati ipewe kiasi gani. Mpaka kiasi hicho kitangazwe, mwenyekiti wa uchukuzi hawezi kumwahidi mtu kitu, hata ndugu yake. Kwa hiyo mlipozungumza mwezi Machi, hata mwenyekiti mwenyewe huenda hakuwa anajua mfukoni mwake mna nini.

Kati ya siku hiyo na siku omnibasi inapotoka, mwombeni seneta wenu afanye mambo mawili: amwandikie mwenyekiti barua akitaja kifungu hiki kuwa cha kwanza kwake, si kimoja kati ya saba, na awaone wachambuzi wa bajeti wa Seneti kuhakikisha wanalo toleo la mwisho la maandishi. Hapo kwenye neno la kwanza msione haya kumbana. Kila mbunge ana maombi mengi, na mwenyekiti humuuliza swali moja: nikikupa kimoja, kipi? Kama jibu lake si kivuko chenu, ni heri mlijue sasa.

Omnibasi ikitoka, itaambatana na jedwali la fedha. Msisome mswada wote. Fungueni jedwali, tafuteni sehemu ya MnDOT, kisha barabara za jimbo, humo mna mistari ya mipango, ujenzi, uendeshaji na matengenezo. Kifungu chenu kitakuwa chini ya mmojawapo. Msipokiona, tafuteni jina la makutano kwenye maandishi, kwa maana wakati mwingine ombi la kujenga hugeuzwa kuwa agizo la kuchunguza: kamishna wa MnDOT afanye uchunguzi na kuleta ripoti kwa kamati kufikia tarehe fulani. Wengi huchukia hilo. Kwa maoni yetu, uchunguzi wenye tarehe ya kuwasilishwa si kidogo, maana mwaka unaofuata hakuna mjumbe atakayeuliza tena kama idara imepatazama pale. Uchunguzi usio na tarehe ndio wa kukataa.

Msipokuwemo kabisa, bado pana mlango wa marekebisho ndani ya kamati, lakini mwembamba. Mjumbe akitaka kuongeza kitu huambiwa aonyeshe atapunguza wapi, maana jumla ya fedha imekwisha fungwa. Na seneta wenu kama si mjumbe wa kamati ile, atahitaji mjumbe wa kumwombea.

Mabaraza mawili yakipitisha omnibasi zisizofanana, na huwa hazifanani, huundwa kamati ya upatanisho yenye wajumbe 3 au 5 kutoka kila upande. Wachambuzi huwaandalia jedwali la kulinganisha, kifungu kwa kifungu, safu ya kushoto baraza moja, ya kulia jingine. Kifungu kilichomo pande zote mbili kwa maneno yaleyale ni karibu salama. Kilichomo upande mmoja tu ni cha kubadilishana. Ripoti yao ikirudi ukumbini hairekebishwi; ni ndiyo au hapana kwa yote. Kisha Gavana, ambaye ana mamlaka ya kufuta mstari mmoja wa fedha bila kugusa sehemu nyingine ya mswada huo.

Iwapo mwaka wenu ni wa witiri na haya yote yakashindikana, mswada bado uko hai: unaendelea kuwapo mwaka wa pili wa kipindi kwa namba ileile, hauhitaji kuwasilishwa upya. Ukishindikana mwaka wa shufwa, huo umekwenda na maji, andikeni mpya Januari.

Mtauliza mbona miswada mingine hupita peke yake. Mingi ya hiyo ni ya sera, isiyokula fedha nyingi, na ina viongozi nyuma yake. Ule wa leseni za udereva bila kujali hadhi ya uhamiaji, ambao wengi wenu mnaukumbuka, ulikuwa HF 4 wa mwaka 2023. Namba ndogo kama hizo viongozi wa walio wengi hujiwekea kwa vipaumbele vyao. Ulitiwa saini Machi 7 na kuanza kutumika Oktoba 1 mwaka huohuo, baada ya miaka 20 tangu masharti yalipokazwa 2003. Wakati mwingine msiba ndio husukuma. Daraja la I-35W lilianguka Minneapolis Agosti 1, 2007 na kuua watu 13. Februari iliyofuata Bunge lilipitisha sheria ya fedha za uchukuzi, Gavana Tim Pawlenty akaikataa, nalo likamshinda kwa kura 91 katika Baraza la Wawakilishi, ambako zilihitajika 90. Kodi ya mafuta ikapanda kwa awamu kutoka senti 20 hadi 28.5 kwa galoni. Sehemu ya fedha mnazoziomba leo inatokana na kura hiyo moja ya ziada.

Mkiitwa tena kuzungumza, mtumieni barua pepe msimamizi wa kamati mapema kujiandikisha, muulizeni pia kuhusu mkalimani kama msemaji wenu anahitaji. Maelezo ya maandishi yatangulie. Kwenye dakika 2 hakuna nafasi ya salamu ndefu tulizozoea: Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe, jina, mnakoishi, kisha hoja. Wasemaji wengi humaliza muda wakieleza jinsi watoto walivyo muhimu, jambo ambalo hakuna mjumbe anayelipinga. Pelekeni hesabu. Pimeni upana wa barabara kwenye ramani, msiende barabarani na utepe. Wahandisi hukadiria mwendo wa mtembea kwa miguu kuwa futi 3.5 kwa sekunde. Tuseme barabara ni futi 80: mtoto anahitaji sekunde 23 kuvuka. Gari la maili 50 kwa saa hukata futi 73 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde hizo limekata karibu futi 1,700, theluthi moja ya maili. Maana yake, mtoto anapokanyaga lami, gari litakalomkuta upande wa pili bado haliko machoni kama barabara ina kona. Hoja hiyo haichukui sekunde 30 na hakuna wa kuijibu. Ongezeni idadi ya watoto mliowahesabu siku tatu za shule, saa ileile, kila robo saa mstari wake. Na andikeni saa kwa hesabu ya Kizungu: saa moja na nusu asubuhi ni 7:30, msije mkapeleka jedwali linaloonyesha watoto wakivuka usiku wa manane.

Wakati mswada ukisubiri, msiweke mayai yote Saint Paul. MnDOT ina orodha ya miradi ya miaka minne ijayo. Kama barabara yenu imo kwa kuwekwa lami upya, kivuko huweza kuongezwa ndani ya mkataba huo kwa gharama ndogo kuliko kuja na mitambo mara mbili, na uamuzi huo hauhitaji mswada. Vilevile kasi: tangu 2019 miji inaweza kupanga kasi kwenye mitaa yake, lakini kwenye barabara kuu ya jimbo kasi hupangwa na kamishna baada ya uchunguzi wa kihandisi. Mji unaweza kuomba uchunguzi huo. Tahadhari moja: hupima pia kasi ambayo madereva wanakwenda kweli, na kama wengi wanapita kiwango kilichopo, pendekezo huweza kurudi likisema kasi ibaki palepale au hata ipande. Zungumzeni na mhandisi wa mji kabla azimio halijaandikwa, ili ombi la kivuko litangulie na la kasi lifuate.